Nimepewa nusu dozi ya dawa ya mifupa, je itanifaa kweli?

Asalaam aleykum Bi Muuguzi. Mimi ni mama wa miaka 58, niko Lamu mtaa wa Langoni, nna watoto wanne na wajukuu. Naomba unisaidie manake kila mtu hapa nyumbani ananiambia lake na mimi kichwa kimejaa.

Mambo yalianza nilipoenda hospitali kwa ajili ya mgongo. Ulikuwa unaniuma hapa katikati ya mabega kuteremkia chini, haswa nikisimama jikoni muda mrefu, nami nikawa najisemea ni umri tu na kubeba wajukuu. Daktari akaniuliza hedhi ilikata lini, nikamwambia zamani, nilikuwa na miaka 44, akanyamaza kidogo akaandika, kisha akanituma Mombasa nikapimwe mifupa kwa ile mashine ambayo unalala tu inapita juu yako wala haiumi. Majibu yakaja yameandikwa T-skoa ya uti wa mgongo ni -2.1 na ya nyonga ni -1.8. Akaniambia mifupa imepungua lakini haijafika kwenye ule ugonjwa wenyewe, akaniandikia alendroneti ya 35 mg kidonge kimoja kila wiki, na vidonge vya kalsiamu na vitamini D.

Sasa jirani yangu naye anameza dawa hiyo hiyo lakini yake ni 70. Siku tuliyoweka pakiti pamoja nikaona yangu ni nusu. Nikaenda kuuliza duka la dawa, yule kijana akanijibu hii ni dozi ndogo mama, hii ni ya kuzuia tu. Ya kuzuia tu! Roho iliniuma wallahi, nikafikiri labda wameniona mie mtu wa kisiwani sijui kitu ndo wakanipa nusu dawa.

Wifi yangu anasema nisiiguse kabisa, ati dawa hizi zinaozesha taya, na mimi nna jino la nyuma natakiwa ning'oe. Kijana wangu aliyeko Mombasa anasema mama achana na vidonge, kunywa maziwa na ule samaki, mtu aliyekulia pwani mifupa yake haina shida.

Na kusema ukweli hata kumeza sijameza vizuri. Kidonge cha kwanza nilimeza alfajiri na chai ya maziwa nikarudi kujilaza kidogo, nikaamka kifua kinawaka kama nimemeza pilipili. Cha pili vilevile. Cha tatu sikukigusa, viko ndani ya kabati mwezi wa pili huu.

Kilichonifanya nikuandikie ni mamangu. Uzeeni alipinda mgongo kabisa, halafu akaanguka kwenye ngazi akishuka, nyonga ikavunjika, akalala miezi saba hakuinuka tena mpaka Mungu alipomchukua, na mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza usiku na mchana. Sitaki wanangu waje wanigeuze. Ile ngazi yetu mie mwenyewe naiogopa tangu mwaka juzi nilipoteleza kwenye daraja ya mwisho nikajishika kwa mkono ukavunjika hapa kwenye kifundo, fundi wa viungo akanikanda akanifunga na ukashika alhamdulillahi, ila mpaka leo nikikamua tui unaniuma. Hata fundi cherehani ananicheka siku hizi, buibui zangu zote amezikata pindo upya manake zinaburura chini, nikamwambia basi mama wa watu nazeeka.

Nambie, hiyo nusu dozi inafanya kazi ama napoteza pesa? Hilo taya ni kweli? Na Ramadhani ikija nitamezaje, manake nimeambiwa ni asubuhi kabla ya kula?

Mama wa Langoni

JIBU

Waleykum salaam dada yangu. Nimeisoma barua yako mara tatu na kila nikiisoma nakwama pale pale mwisho, pale ulipotaja mkono na buibui kama mambo ya kupita tu. Nitarudi hapo, manake naona hapo ndipo penye jibu lako lote, lakini kwanza nikuondolee hili la nusu dozi kwa sababu limekuumiza roho bure.

Hujapunjwa. Dawa hii ina dozi mbili na zote mbili ni halali. Mtu ambaye mifupa yake inapungua lakini haijafika kwenye ugonjwa hupewa 5 mg kwa siku, na aliyekwisha fika hupewa 10 mg kwa siku. Baadaye ikaonekana hakuna haja ya kumsumbua mtu kila siku kwa sababu dawa ikishafika inajishika kwenye mfupa na kukaa humo muda mrefu sana, kwa hivyo wakazijumlisha za wiki nzima kwenye kidonge kimoja, 5 mara saba ndio 35 yako na 10 mara saba ndio 70 ya jirani.

Na neno "ya kuzuia" lisikudharaulishe dawa. Mfupa si jiwe, ni kama nyumba zetu za mawe hizo za Lamu, kila siku kuna mafundi wanaobandua lipu iliyochakaa na wengine nyuma yao wanapiga mpya. Ujana wako wote homoni ya estrojeni ndiyo ilikuwa msimamizi, inawazuia wale wabanduaji wasizidishe. Hedhi ikikata msimamizi ameondoka, wanabandua haraka kuliko wenzao wanavyoweza kupiga lipu, na miaka ile ya kwanza ndio mfupa unapungua mbio zaidi. Alendroneti inawatuliza wabanduaji. Kwa mwanamke ambaye ukuta wake bado umesimama, dozi ndogo inatosha kabisa kuwatuliza, na hili lilijaribiwa zamani, kuna utafiti uliotoka mwaka 1998 wa wanawake wa chini ya miaka 60 waliokoma hedhi, waliopewa 5 mg kwa siku kwa miaka 2 mifupa yao ya mgongo iliongezeka kama asilimia 3.5 na wenzao waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa ikazidi kupungua. Kwa hivyo dozi ndogo inafanya kazi yake, hilo usiwe na shaka nalo.

Swali langu mimi ni kama wewe ndiye mtu wa dozi ndogo.

Zile namba zako, kuanzia -1 kwenda juu ni mfupa mzima, kati ya -1 na -2.5 ni mfupa uliopungua, na -2.5 kwenda chini ndio wanaita osteoporosisi. Wewe una -2.1, daktari akaangalia karatasi akakupa dawa ya mtu wa -2.1, na kwa karatasi ile hakukosea. Lakini ulimwambia kuhusu mkono? Nahisi hukumwambia, kwa sababu ulitengenezwa na fundi wa viungo na hakuna hospitali iliyouandika popote, na yeye inawezekana hakuuliza. Wengi wetu tunafanya hivyo, kilichotibiwa nyumbani tunaona si cha kupeleka kwa daktari.

Dada yangu, mtu akianguka kutoka ghorofani akavunjika hakuna wa kushangaa. Mtu akiteleza daraja ya mwisho, karibu na sakafu kabisa, akajishika na kifundo kikavunjika, huo mfupa ulikuwa tayari umechoka. Mfupa wenye afya hauvunjiki kwa kuteleza hivyo. Na mwanamke wa umri wetu akishavunjika mara moja namna hiyo, uwezekano wa kuvunjika tena pengine unakuwa kama mara mbili ya mwenzake ambaye hajavunjika, hata kama namba zao za T-skoa zinafanana. Mashine inapima uzito wa mfupa, haina habari ya mkono wako.

Sasa njoo kwenye buibui. Nguo hairefuki, ni wewe umefupika. Fundi cherehani kacheka lakini mimi sikucheka hata kidogo nilipoisoma, kwa sababu papo hapo umesema mgongo unakuuma katikati ya mabega, na pingili za mgongo zina tabia ya kupasuka na kubonyea kimya kimya, hujaanguka wala hujabeba kitu, unaona maumivu tu unayasingizia umri. Pengine mamako naye mgongo wake ulipinda hivyo hivyo, pingili moja baada ya nyingine na hakuna aliyejua. Tafuta utepe leo, simama ukutani bila viatu, visigino na kisogo viguse ukuta, mtu akuwekee kitabu kichwani apige alama. Angalia kitambulisho cha zamani au kadi ya kliniki kama kuna kimo kiliandikwa, ama ukumbuke ulikuwa unalingana na nani. Ukiwa umepungua sentimita 4 au zaidi basi mgongo unahitaji kupigwa picha, na hiyo ni eksirei ya kawaida ya kutoka pembeni, si ile mashine ya kufuata Mombasa. Ikionekana pingili imebonyea, huo tayari ni ugonjwa wenyewe hata T-skoa iseme -2.1, na hapo dozi ya kuzuia haiko mahali pake tena.

Ongeza nyonga ya mamako, hiyo inahesabiwa, mzazi aliyevunjika nyonga anamuongezea mtoto hatari. Ongeza hedhi kukatika kwenye miaka 44, hiyo ni mapema, mifupa yako imekaa bila msimamizi miaka 14. Mimi siwezi kukubadilishia dawa nikiwa huku Malindi na sikupimi, na usinunue 70 ya jirani kwa kichwa chako ama kumeza mbili za 35 kwa mpigo kwa sababu umesoma hapa. Rudi kwa daktari yule yule na umwambie haya manne kwa mdomo wako: mkono, kimo, nyonga ya mama, miaka 44. Halafu umuulize wazi, "Kwa haya niliyokwambia, bado ni mtu wa 35?" Nategemea atafikiria upya. Atake pia damu yako ipimwe figo na kalsiamu kama haikupimwa, kwa sababu mtu mwenye figo dhaifu sana au kalsiamu ya chini kwenye damu haruhusiwi dawa hii mpaka irekebishwe.

Na usiogope ukipandishwa. Mwaka 1996 walitoa matokeo ya wanawake ambao tayari pingili zao za mgongo zilikuwa zimepasuka, walianzishwa na 5 mg kwa siku kisha wakapandishwa 10, na kwa muda wa kama miaka 3 nyonga zilizovunjika zilipungua karibu nusu ukilinganisha na wasiopata dawa. Karibu nusu ya nyonga! Miaka niliyokaa wodini nimegeuza mama wengi kama ulivyomgeuza mamako, kwa hivyo namba hiyo nikiisoma naona sura za watu.

Sasa hicho kiungulia. Pole sana lakini naona ulivyokimeza ndivyo kilivyokuunguza, na zaidi ya hivyo dawa yenyewe hukuipata. Kalsiamu ya kwenye maziwa inaikamata dawa tumboni isiingie mwilini, kwa hivyo vile viwili pengine vimekuunguza bure tu. Kidonge hiki kikikwama kwenye umio au kikarudi juu ukiwa umelala kinachoma. Humezwa tumbo tupu baada ya usingizi, na glasi nzima ya maji matupu, si chai, si kahawa, si juisi ya ukwaju, na hata maji yawe ya kawaida, yale mazito ya kisima yenye chokaa na chumvi uyaache siku hiyo. Usikitafune wala kukimung'unya. Kisha ukae wima nusu saa nzima, unaweza kukaa kitini, kusimama, kutembea uani, kufagia hapana kwa sababu unainama, na usile wala kunywa kitu kingine mpaka nusu saa iishe. Vidonge vya kalsiamu hivyo vipeleke mchana na chakula, visikutane na hiki.

Nikuongezee jambo ambalo huenda hawajakwambia hospitali, ni swala. Ukimeza kabla ya alfajiri halafu ukaenda rukuu na sijda, umeinamisha kifua na kidonge kiko njiani. Swali kwanza, kisha meza, kisha kaa na msomo wako au redio nusu saa, halafu mahamri na chai. Chagua siku moja ya wiki usiibadilishe, na ukisahau meza kesho yake asubuhi, wiki ijayo rudi kwenye siku yako, usimeze viwili siku moja.

Ramadhani wala isikutie hofu, ni mara nne tano tu mwezi mzima. Usiku wa siku yako amka kabla ya wenzako, tuseme saa kumi kasorobo, tumbo limepumzika tangu ulipolala, meza na maji yako, kaa wima, uwe unapasha chakula polepole bila kuinama kwenye jiko la chini, nusu saa ikifika kula daku. Mpaka adhana ya alfajiri kidonge kishashuka zamani. Magharibi sikushauri, pale kuna tende na uji vinakusubiri na swala juu yake, nusu saa hutaipata.

Ukifanya hivi vizuri na bado kifua kinawaka, au ukaona chakula kinauma kikipita, acha na umuone daktari usivumilie. Kuna njia nyingine, kuna zoledroneti ambayo ni dripu ya 5 mg mara moja kwa mwaka, haipiti tumboni kabisa, siku moja mbili za kwanza mtu anaweza kupata homa na mwili kuuma kisha inaisha. Hiyo dripu ina habari nzuri pia kwa wanawake ambao mifupa haijafika mbali. Mapema 2025 watafiti wa New Zealand walitoa matokeo ya wanawake wa miaka 50 hadi 60 waliofuatwa miaka 10, waliopewa dripu mara moja tu au mara mbili katika miaka yote hiyo walipata pingili mpya zilizopasuka kama 6 katika kila 100, na wasiopewa kama 11. Mara moja kwa miaka 10! Mama mwenye dada zake wa miaka hamsini na kitu awaambie.

Taya. Wifi hajadanganya, ila amelikuza. Lipo tatizo la mfupa wa taya kutopona, lakini wengi waliolipata ni wagonjwa wa saratani wanaopewa dripu nzito za dawa za jamii hii mara kwa mara. Kwa mtu wa mifupa kama wewe ni nadra mno, makadirio ni mtu 1 kati ya 10,000 hadi 1 kati ya 100,000 kwa mwaka. Kwa kuwa jino unalijua na dawa umeisimamisha, ling'oe sasa, kidonda kifunge, ndio uanze upya, na kila ukienda kwa daktari wa meno mwambie unameza alendroneti. Kuna jingine nadra, mfupa wa paja kupata ufa kwa waliotumia miaka mingi, ndio maana baada ya kama miaka 5 daktari huangalia upya kama mtu apumzishwe. Ukiona paja au kinena kinauma bila sababu siku za mbele, usinyamaze.

Kijana wako anakupenda, lakini maziwa hayarudishi msimamizi aliyeondoka. Kalsiamu ni lipu na vitamini D ndiyo inayoifikisha ndani, bila hizo dawa haina cha kushikilia, ila peke yake hazitoshi kwa hali yako. Umri wetu unataka kama 1,200 mg za kalsiamu kwa siku ukijumlisha chakula na vidonge, glasi ya maziwa au mtindi ina kama 300. Na hiyo ya samaki, kipande cha nguru ni kitamu lakini kalsiamu haimo kwenye nyama, imo kwenye mifupa, kwa hivyo dagaa anayeliwa mzima mzima ndiye wa kumtafuta, na ufuta pia. Jua nalo Lamu lipo kila siku ila vichochoro vina kivuli na sisi tunajifunika, panda darini penye stara ukunje mikono ya kanzu kidogo asubuhi. Tembea, una bahati mji wako hauna magari, ukishika njia ya ufuoni kuelekea Shela na kurudi unaipa mifupa kazi inayoitaka.

Na hiyo ngazi, mwambie kijana badala ya kukutumia ushauri wa maziwa akutumie fundi. Kamba nene au mbao ya kushika ukutani mpaka chini kabisa kwenye daraja ile ya mwisho, taa ya usiku, na zile champali zilizolika soli zitupwe.

Ukienda hospitali uende na mtu, muandike yale manne kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani. Huo mkono nao muoneshe, akushike kifundo aone kama mfupa ulishika ulivyopinda, kwa sababu tui si zito kiasi cha kumuuma mtu miaka miwili.